Baiskeli Ilipokuwa Mhalifu wa Bustani

Ukitaka kujua jiji linamwogopa nani, soma kanuni za bustani zake. Mimi kama mwandishi wa habari nimezoea kusoma karatasi za namna hiyo, zile ambazo wengi huziruka. Za Central Park, New York, zina historia tamu kuliko nyingi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1880, makamishna wa bustani hiyo walipiga marufuku baiskeli. Sababu? Eti zinatisha farasi. Na farasi walikuwa wa nani? Wa matajiri waliokwenda kupunga upepo na magari yao. Mwaka 1881 waendesha baiskeli watatu wakaingia makusudi, wakamatwe, ili kesi ifike mahakamani. Gharama zilibebwa na Albert Pope, mtengenezaji wa baiskeli za Columbia. Biashara na haki zilipanda kiti kimoja! Kesi walishindwa, wakahamia kwenye siasa. Mwaka 1887 Gavana David Hill alisaini sheria ya jimbo iliyoipa baiskeli haki sawa na gari la farasi.

Halafu likaja gari la mota. Nalo lilikataliwa, likaruhusiwa mwaka 1899, likatawala barabara za bustani kwa zaidi ya karne. Lilitolewa mwaka 2018.

Sasa ni zamu ya baiskeli ya umeme. Sheria ya Marekani ya mwaka 2002 ilisema ikiwa na pedeli, mota ya chini ya wati 750 na mwendo usiofika maili 20 kwa saa, basi kwa upande wa usalama wa bidhaa ni baiskeli tu. Lakini nani apite wapi, hilo liliachiwa majimbo na miji. New York ilisitasita hadi 2020. Kabla ya hapo, wapeleka chakula, wengi wao wahamiaji, walitozwa faini ya dola 500 na kunyang'anywa baiskeli. Hawakuwa na Pope wa kuwalipia wakili. Walijiunga wenyewe, wakajiita Los Deliveristas Unidos. Hata baada ya barabara kuhalalishwa, bustani zilibaki zimefungwa kwao. Ni mwaka 2023 tu jiji lilipoanza kuwaruhusu kwa majaribio, tena kwenye barabara kuu za ndani.

Hofu ya watembea kwa miguu siidharau. Baiskeli hizi ni nzito, haziungurumi, na mzee anayetembea na mjukuu wake haisikii mpaka imeshafika. Ndiyo maana naona ukomo wa maili 15 kwa saa, ulioanza Oktoba 2025, una mantiki kuliko marufuku. Ukomo wa mwendo unamkamata anayekimbiza. Marufuku humkamata hata anayekwenda polepole, na kwa miaka mingi aliyekamatwa alikuwa amebeba chakula cha mtu mwingine.