Hodi ya Kibodi

Kwetu mtu haingii nyumba ya mwenzake bila kupiga hodi. Mwenyeji akiisikia, huacha kazi aliyonayo, humsikiliza mgeni, kisha huirudia kazi yake pale pale alipoiachia. Nilipojifunza kuandika programu za kompyuta niliona kwamba mashine nayo ina adabu hiyo.

Kampuni ya IBM ilitoa kompyuta yake ya mezani mwezi Agosti 1981. Ndani yake, kila kitufe kilichobonyezwa kilipiga hodi kwa prosesa. Prosesa ilisimamisha kazi yake kwa muda na kutazama orodha ya anwani 256 iliyokaa mwanzoni mwa kumbukumbu. Hodi ya kibodi ilikuwa namba 9, na anwani iliyoandikwa hapo ndiyo iliyoonyesha ni programu ipi ya kuitikia.

Waandishi wa programu hawakukawia kutambua kwamba anwani ile yaweza kubadilishwa. Ukiweka yako, wewe ndiwe wa kwanza kusikia kitufe, hata kama mtu yumo katika programu nyingine akiandika barua. Kadi ya sauti ya Sound Blaster ilipotoka mwaka 1989, na baadaye diski za CD zilipoenea, njia hiyo ilifaa pia kuanzisha muziki na kuunyamazisha bila kuacha kazi.

Sharti lilikuwa moja: ukishasikia, uipitishe hodi kwa mwenye anwani ya zamani. Mimi nilisahau. Programu yangu ya kusimamisha muziki, niliyoiweka katika kompyuta tuliyoshirikiana ofisini, ilikitii kitufe changu na kuvimeza vingine vyote. Mwenzangu alikuwa katikati ya ripoti ambayo hajaihifadhi. Kibodi ikawa bubu. Hata Ctrl, Alt na Del kwa pamoja havikufaa kitu, maana navyo hupita mlango huo huo. Ikabidi tuizime mashine kwa swichi. Aliiandika ripoti upya hadi usiku, wala hakunigombeza. Na hilo ndilo lililoniuma.

Baadaye Windows iliweka utaratibu. Programu inayotaka kusikia vitufe huomba nafasi katika mnyororo, na hutarajiwa kumwita anayefuata. Tangu Windows 2000, vitufe vya kucheza na kusimamisha muziki vina namba zao rasmi. Hata hivyo, wezi wa maneno ya siri wameutumia mnyororo huo huo: husikia, huandika pembeni, kisha hupitisha kwa upole, na mwenye nyumba asitambue lolote.

Basi mimi niliyeziba mlango nilikuwa mkosa adabu, lakini yule anayepitisha kila kitu huku akisikiliza ni mbaya zaidi. Anayesimama mlangoni mwa mtu amepewa amana. Achukue kilichomhusu, na vingine avipitishe bila kuvichungulia.