Ua Letu Liko Dirishani kwa Watu

Hapa Timau ukisema maua, kila mtu anawaza waridi: nyumba za plastiki, katoni, lori la kwenda uwanja wa ndege, Uholanzi. Sawa, waridi linalisha watu. Lakini kuna ua lililofanya safari hiyo zamani sana, na hilo ni la kwetu kabisa, Kenya na Tanzania.

Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Wajerumani kule Tanga, alikutana na kimmea kidogo kwenye miamba yenye kivuli huko Usambara. Majani yana manyoya, ua ni zambarau na katikati kuna vidoa vya njano. Akamtumia babake Ujerumani. Baba akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen, naye 1893 akalipa jina: Saintpaulia ionantha. Saintpaulia ni ukoo wa baroni. Ionantha ni Kigiriki, ua kama urujuani, na manze hata undugu na urujuani halina! Wasambaa waliokuwa wakiishi nalo siku zote hawamo popote kwenye jina hilo.

Halafu biashara. Kampuni ya mbegu ya Benary, Erfurt, ikaliuza, na miaka ya 1920 mbegu zikafika Los Angeles. Leo linapandwa kwenye vyungu dunia nzima. Usambara ilipata nini? Mkataba wa kimataifa wa bayoanuwai, unaosema nchi ina haki juu ya mimea yake, ulikuja 1992. Baroni alikuwa ametangulia kwa miaka 100 kamili.

Sasa njoo Kenya. Kuna aina moja inayoota Taita, msitu wa Mbololo pekee. Nyingine iko Kilifi, kwenye miamba ya chokaa, na chokaa ndiyo hutengeneza simiti, kwa hivyo jijazie mwenyewe. Mimea hii hupenda miamba yenye unyevu, mara nyingi karibu na vijito. Si lazima mtu aing'oe ndio ife. Kata tu miti iliyo juu yake, jua lipige mwamba, kuvu na ukungu vikauke, basi.

Na kuitambua ni kesi nyingine. B. L. Burtt wa Edinburgh alitenganisha aina karibu 20, akiangalia sana manyoya ya majani. Mwaka 2006 zikapunguzwa hadi 6. Mwaka 2015 jenasi yenyewe ikaingizwa ndani ya Streptocarpus, jina la baroni likashushwa cheo (sikulia). Watu huona huo ni ubishi wa maprofesa, lakini mimi naona una uzito: ua la bonde moja likihesabiwa kuwa sawa na la bonde lingine, ni rahisi mtu kusema moja likiisha si neno, lingine lipo. Hiyo sikubali. La Mbololo likiisha Mbololo, chungu cha dirishani Berlin hakitalirudisha, kwa sababu cha dirishani ni mjukuu wa Usambara.