Imeili yako ya HTML inazuiwa? Anzia hapa

Wadau, hili tatizo linawapotezea vijana wengi wateja. Umekesha unatengeneza tangazo la mteja, rangi zimekaa, picha zimetulia, ukatuma. Kesho yake anapiga simu: "Mbona sioni kitu?" Hapo hela yako inaanza kuwa na maneno.

Usikimbilie kubadilisha rangi. Programu ya ulinzi haijali urembo, inatafuta dalili za mwizi. Na ina sababu: mwaka 1999 kirusi cha BubbleBoy kiliingia kwenye kompyuta kwa mtu kufungua tu imeili ya HTML kwenye Outlook, bila kugusa kiambatisho chochote.

Haya, twende hatua kwa hatua.

1. Jua imekwama wapi
Kama imerudishwa, soma namba ya kosa. Ikianza na 5 (mfano 550), seva imekataa kabisa. Ikianza na 4, ni kizuizi cha muda. Kama iko kwenye taka, kosa linaweza kuwa kwako au kwenye domeni. Kama imefika lakini imevurugika, kagua kodi.

2. Igawe
Tuma maandishi matupu kutoka anuani ileile kwenda kwa mtu yuleyule. Yasipofika, HTML haina kosa. Yakifika, tuma nusu ya tangazo, halafu nusu nyingine. Endelea kuigawa ile nusu inayozuiwa mpaka umkamate mchawi. Mwombe mteja ruhusa kwanza, usije ukamjazia sanduku lake.

3. Wachawi wa kila siku
- JavaScript, fomu na iframe: toa zote. Weka linki ya kwenda kwenye tovuti.
- Linki yenye sura mbili: maandishi yanaonyesha tovuti ya mteja, ukibofya unapelekwa kwingine. Hiyo ndiyo mbinu ya wezi wa nywila. Linki zilizofupishwa nazo zinatia shaka.
- Tangazo zima kuwa picha moja: kichujio cha SpamAssassin kina kanuni ya kunasa picha yenye maneno machache, na nyingine ya kunasa HTML iliyotumwa peke yake. Andika maneno kama maneno, na ambatanisha toleo la maandishi matupu.
- Picha hazionekani: Outlook huzuia picha za nje mpaka msomaji aziruhusu, kwa hiyo jaza maelezo kwenye alt. Kama umetengenezea kafe, angalia njia ya picha isianze na C:. Hiyo picha iko kwenye kompyuta ya kafe tu!
- Uzito: Gmail hukata ujumbe ukizidi karibu KB 102. Ukinakili kutoka Word unabeba kodi kibao zisizo na kazi.
- Kiambatisho cha .html: matapeli wanakipenda sana, kwa hiyo vichujio vingi vinakitilia shaka. Weka tangazo ndani ya imeili yenyewe.

4. Kama tatizo ni domeni
Kwenye Gmail fungua ujumbe wa asili, utaona SPF, DKIM na DMARC zimepita au zimefeli. Tangu Februari 2024 Gmail inazitaka zote tatu kwa anayetuma zaidi ya jumbe 5,000 kwa siku kwa watumiaji wake, na hata mtumaji mdogo anatakiwa kuwa na SPF au DKIM. Kosa la wanaoanza ni kuandika anuani ya Gmail kama mtumaji huku wanatumia seva nyingine. Tumia anuani ya domeni ya mteja.

La mwisho, na hili ni zito: usimwambie mteja azime antivairasi ili tangazo lako lionekane. Siku akiingiliwa, wewe ndiye utakayetajwa kwanza. Mwombe fundi wao aangalie kumbukumbu za kichujio akwambie kipi kimezuiwa, kisha rekebisha kazi yako.