Dora Milaje: kutoka uke wenza hadi udada

Black Panther alianza kuonekana katika katuni za Marvel mwaka 1966, lakini walinzi wake wa kike hawakuwapo hadi 1998. Ndipo mwandishi Christopher Priest na mchoraji Mark Texeira walipouanza upya mfululizo wake na kumpa shujaa huyo, yaani T'Challa, mfalme wa nchi ya kubuni ya Wakanda, kikosi cha wanawake kiitwacho Dora Milaje.

Wasichana hao walitolewa katika makabila mbalimbali ya Wakanda ili amani idumu, na wote walihesabiwa kuwa wachumba wa mfalme. Wawili kati yao, Okoye na Nakia, walimfuata hadi New York wakiongea naye peke yake, tena kwa Kihausa. Walipigana vizuri ajabu. Lakini msomaji wa kwetu anaujua uke wenza, na alichopewa hapa kilikuwa uke wenza wenye silaha. Pepo mwovu Mephisto alipomlaghai T'Challa akambusu Nakia akidhani ni Monica Lynn, mpenzi wake wa zamani, binti yule aliingiwa na wivu uliomfanya ajaribu kumuua Monica. Mwishowe akageuka adui aitwaye Malice. Namsikitikia Nakia yule mpaka leo, kwa sababu hakuwa na dada hata mmoja wa kumshika mkono.

Mabadiliko yalikuja 2016, Ta-Nehisi Coates alipoanza kuandika Black Panther akiwa na mchoraji Brian Stelfreeze. Katika hadithi yao Aneka, kiongozi wa Dora Milaje, anamuua chifu aliyekuwa akiwadhulumu wanawake wa kijijini kwake. Ramonda, mama mlezi wa mfalme, anamhukumu kifo. Ayo, mpenzi wa Aneka na askari mwenzake, anaiba deraa za kivita, anamtoa gerezani, na wote wawili wanaingia mashambani kuwakomboa wanawake wengine. Mfalme hakuwatuma. Kwangu mimi huo ndio ukurasa mkubwa kuliko yote katika historia ya kikosi hiki.

Mwaka huohuo Roxane Gay akaandika World of Wakanda, ikichorwa na Alitha E. Martinez, inayoeleza Ayo na Aneka walivyokutana mafunzoni, wakagombana, wakapendana. Gay na mshairi Yona Harvey, aliyeandika hadithi fupi katika toleo la kwanza, walikuwa wanawake weusi wa kwanza kuongoza uandishi wa mfululizo wa Marvel. Ni jambo la kuumiza kwamba ilichukua miaka mingi hivyo. Mfululizo ulisitishwa baada ya matoleo 6 tu, kisha mwaka 2018 ukapata Tuzo ya Eisner.

Filamu ya 2018 iliuacha kabisa uchumba ule wa mfalme. Okoye akawa jenerali, akiigizwa na Danai Gurira. Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala, akawa Ayo. Na Mkenya Lupita Nyong'o akawa Nakia, safari hii jasusi mwenye msimamo wake. Killmonger, hasimu wa T'Challa, anapotwaa kiti cha enzi, Nakia na Okoye wanabishana kama askari ni wa kiti au ni wa nchi. Ni wanawake wawili wanaoheshimiana, na hoja yao ni hatima ya taifa.

Mwaka 2019 Lupita alionekana katika filamu ya hali halisi iliyompeleka Benin kuwatafuta Agojie, askari wa kike wa ufalme wa Dahomey ambao mara nyingi hutajwa pamoja na Dora Milaje. Agojie nao walihesabiwa kuwa wake wa mfalme, na mwanamume mwingine hakuruhusiwa kuwagusa. Walishambulia Abeokuta mwaka 1851, na miaka ya 1890 walipigana na majeshi ya Ufaransa kwa ujasiri uliowashangaza maadui wao. Lakini walishiriki pia uvamizi wa vijiji, na mateka wengi wa Dahomey waliuzwa utumwani. Wamo wanawake waliofungwa kamba na wanawake wenzao.

Hilo halinipunguzii heshima kwa ujasiri wao, ila linanifanya niulize, kila ninaposoma kuhusu jeshi la wanawake, udada wao unaishia wapi. Wa Aneka ulivuka kambi ukamfikia mwanamke wa kijijini asiyemjua, asiye na mkuki wala cheo, na kwa ajili yake alikubali kuhukumiwa kifo.