Kinanda cha Kukanyaga na Ndugu Zake

Wapendwa washirika, katika maandalizi ya Jubilei hii ya Fedha wengi mmetuuliza kwa nini kile kinanda cha kukanyaga kimetolewa stoo, ilhali kibodi tunayo. Ni kweli kwamba katika mkutano wa kwaya kuna waliotaka kiuzwe kwa seremala. Tulibishana sana, na ubishi huo ndio uliotufanya tuandike haya.

Piano yenyewe si ya kale sana. Kabla yake Ulaya walikuwa na hapsikodi. Ukibonyeza, ncha ya unyoya wa ndege inadonoa waya. Bonyeza kwa upole au kwa hasira, sauti ni ile ile. Ilikuwepo pia klavikodi, ambayo ilitii kidole, lakini sauti yake ni ndogo mno: mtoto mmoja akikohoa kanisani, imepotea. Mnamo 1700 hivi, Bartolomeo Cristofori wa Florence, Italia, aliweka nyundo ndogo mahali pa unyoya. Ndipo kidole kikaweza kuamua sauti iwe ya chini au ya juu, na jina piano limetokana na hilo. Kimoja alichotengeneza mwaka 1720 bado kipo New York, nacho kina vibonyezo 54. Piano ya leo ina 88, na fremu yake ya chuma inastahimili mvuto wa nyaya unaozidi tani 15.

Wanaokumbuka kibodi yetu ya kwanza watacheka hapa. Mwalimu alipotuashiria tushushe sauti, sisi tulishuka, kibodi ikabaki pale pale juu. Kumbe tulinunua umbo la piano lenye tabia ya hapsikodi! Hii ya sasa inasikia mguso.

Kinanda cha kukanyaga ni ukoo mwingine. Alexandre Debain alikiandikisha Paris miaka ya 1840. Hakina waya hata mmoja. Miguu inasukuma mvukuto, na hewa inatikisa ndimi za shaba. Kwa kuwa ni kidogo na hakipotezi sauti upesi, wamishenari walikipenda. Ndugu yake anayepulizwa kwa mkono aliingia hata kwenye taarab ya Mombasa. Na Yamaha, jina tunaloliona juu ya kibodi nyingi, lilianza na Torakusu Yamaha aliyetengeneza kinanda kama hiki kilichoharibika katika shule moja ya Hamamatsu, Japani, mwaka 1887.

Tofauti inayotuhusu sisi waimbaji ni hii: sauti ya piano huanza kufa mara tu nyundo inapogonga, lakini ya kinanda hudumu maadamu kuna hewa. Wazee wetu wa tena na besi walijifunzia hapo kushika noti mpaka mwisho. Sisi tuliokulia kwenye kibodi tunaikata mapema, na mwalimu hachoki kutukemea. Halafu kuna stima. Washirika wa Timau hamhitaji kuelezwa.

Fundi alikuta ndimi zote ni nzima. Ni ngozi ya mvukuto tu iliyotafunwa na panya, naye ameshona nyingine. Kibonyezo kimoja bado ni bubu. Wimbo wa kuingia leo utaongozwa na kinanda hicho, kwa hiyo msishangae mkisikia na kanyagio zikilia.