Kununua nyumba mbovu, kuikarabati na kuiuza Dar: mambo ya kujua kabla hujatoa hela

Wengi mmekuwa mkiniuliza kuhusu biashara ya kununua nyumba iliyochoka, kuipiga ukarabati kisha kuiuza kwa faida. Mimi ni kijana wa kidato cha nne tu, sio wakili wala injinia. Ila nimezunguka sana na madalali na mafundi wa Mbagala, Tabata na Gongo la Mboto, na sheria nimezisoma, kwa hiyo nimekusanya hapa yale ya msingi. Isome yote, manake hela ya nyumba ni hela ya maisha. Ukiingizwa mjini hapa, hurudi ulipoanzia, unarudi nyuma ya hapo.

Neno kubwa kuliko yote ni hili: ukuta mbovu unatengenezeka, karatasi mbovu na mahali pabovu havitengenezeki. Wanaoanza huangalia rangi na vigae kwanza, karatasi mwisho. Wewe geuza.

1. KARATASI

Kwa sheria ya Tanzania ardhi yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini. Sisi tunamiliki haki ya kuitumia tu. Ndiyo maana hati huwa na miaka yake: 33, 66 au 99. Angalia imebaki mingapi.

Dar utakutana na aina tatu za nyumba:

- Yenye hati miliki. Hii ndiyo salama zaidi, lakini usiridhike na kuiona kwa macho. Nenda na wakili kwa Msajili wa Hati mkafanye upekuzi. Utajua jina la mwenye hati, kama nyumba iko rehani benki, na kama kuna zuio.
- Yenye leseni ya makazi. Hii ni ya maeneo yasiyopimwa na ni ya muda maalum. Sio sawa na hati, hata dalali akuambie "ni kitu kilekile".
- Yenye karatasi ya mauziano tu. Hizi ni kibao, na ndizo za bei rahisi. Dai mlolongo wote: nani alimuuzia nani, mpaka mtu wa kwanza. Ukikatika hapo katikati, shtuka.

Halafu kuna maswali mawili ambayo usione aibu kuyauliza.

Kwanza, je, muuzaji ana mke au mume? Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzake. Iko kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971 na Sheria ya Ardhi ya 1999. Mwenzake aje mwenyewe kwa wakili, asaini. "Shemeji yuko safari, ila amekubali" sio ridhaa.

Pili, je, nyumba ni ya urithi? Kama marehemu ndiye mwenye jina, anayeuza lazima awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, sio mtoto mkubwa aliyeshika funguo. Tafuta na warithi wengine, wasikie kwa masikio yao kwamba nyumba inauzwa. Sheria ya ukomo inampa mtu miaka 12 ya kudai ardhi yake. Mdogo wa mwisho aliyeko Mwanza anaweza kutokea baada ya miaka mitano, wewe umeshauza na mnunuzi wako anakutafuta.

Serikali ya mtaa na mjumbe ni watu wa kuwauliza: nyumba ina mgogoro? Mpaka unaishia wapi? Kuna kaburi uani? Lakini mkataba uandikwe na wakili, na malipo yapite benki. Usibebe mfuko wa hela kwenda sebuleni kwa mtu.

2. MAHALI

Mnaikumbuka Kimara 2017. Kuanzia Kimara kwenda Kiluvya nyumba nyingi zilivunjwa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, na nyingine zilikuwa za maana. Sheria ya Barabara ya 2007 inahesabu hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu na za mkoa, na vipo vipande vyenye upana zaidi. Ukiona nyumba karibu na barabara kubwa inauzwa rahisi, chukua futi kamba kabla hujachukua rangi. Angalia pia kama ukutani kuna X iliyopakwa chokaa juu.

Na mito vilevile. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu Bonde la Msimbazi na wengine wakahamishiwa Mabwepande. Nyumba ya bondeni nenda kaione masika, Machi mpaka Mei. Kama ni kiangazi, tafuta mstari wa maji ukutani, na muulize mpangaji, sio mwenye nyumba. Mpangaji hana cha kukuficha.

Tukiwa kwa wapangaji: uliza wamelipa kodi mpaka lini. Unaweza kununua leo ukakuta watu wanne wamelipa miezi sita mbele. Hao huwezi kuwatoa kesho, na fundi hawezi kuanza.

3. NYUMBA YENYEWE

Nenda na fundi wako, sio fundi wa dalali. Angalieni hivi:

- Nyufa. Zile nyembamba kama unywele huwa ni za plasta tu. Ufa unaopanda mshazari kutoka kona ya dirisha, unaoingiza sarafu na kuonekana ndani na nje, huo ni msingi. Kama huna hela ya msingi, achana nayo.
- Paa. Panda juu, usiangalie kwa chini. Gonga kenchi uone kama mchwa wamekula. Bati zenye kutu hubadilishwa, kenchi zikioza ni paa zima.
- Chumvi. Ukuta unaotoa unga mweupe na kubambua rangi chini, ukiupaka tu utabambuka tena mnunuzi akiwa anaangalia. Bandua plasta, zuia unyevu unakotoka, piga plasta upya kwa mchanga usio wa baharini.
- Choo. Shimo limejaa? Gari la kunyonya linafika? Nyumba isiyofikika na gari hushuka bei mwanzo mpaka mwisho.
- Madeni ya maji, umeme na kodi ya ardhi. Dai risiti za mwisho.

Mpangilio wa kazi ni: paa, nyufa na unyevu, bomba na waya za umeme, plasta, dari, sakafu, na rangi ndiyo mwisho. Anayeanza na rangi ataipaka mara mbili. Vifaa nunua mwenyewe, saruji ina miguu. Fundi mlipe kwa hatua, na ubakishe kiasi mpaka kazi iishe. Ukitaka kuongeza chumba, chukua kwanza kibali cha ujenzi manispaa.

Usivuke mtaa. Kama nyumba za jirani zinauzwa milioni 60, vigae vya hotelini havitakufikisha 90. Weka hela kwenye choo, jiko, paa na geti.

4. HESABU

Huu ni mfano tu. Umenunua kwa milioni 40. Wakili, uthamini, ushuru wa stempu na uhamisho vimekula 2. Ukarabati 10. Umeuza 60, dalali akachukua 3. Ile "faida ya milioni 20" ya kichwani imebaki milioni 5. Na bado kodi.

Mkazi analipa TRA asilimia 10 ya faida aliyopata kwenye kuuza. Hapo ni laki 5, unabaki na milioni 4 na nusu. Lakini tangu Sheria ya Fedha ya 2023, asiye na kumbukumbu za gharama hutozwa asilimia 3 ya bei ya mauzo au ya thamani iliyothibitishwa, ile iliyo kubwa. Asilimia 3 ya milioni 60 ni milioni 1.8! Yaani risiti ulizotupa zimekugharimu milioni 1.3. Kila mfuko wa saruji dai risiti ya mashine, weka kwenye bahasha moja. Ukitaka kuifanya biashara ya kudumu, kaulize TRA kwanza watakutoza vipi.

Sasa chukua hiyo milioni 4 na nusu, fikiria nyumba imekaa miezi kumi bila mteja, na hela ulikopa kausha damu kwa riba ya kila mwezi. Faida imeisha, na deni limeanza. Hela ya mkopo wa namna hiyo usiilete huku. Tenga pia moja ya tano ya bajeti ya ukarabati kwa dharura, kwa sababu ukibomoa ukuta wa zamani lazima ukute kitu.

5. KAMA HUNA MTAJI

Wengi wetu hatuna milioni 40, tusidanganyane. Mnaweza kuchanga watu watatu wanne, ila andikeni mkataba wenu wenyewe kwanza: nani katoa ngapi, nani anaamua bei, mmoja akitaka kujitoa inakuwaje. Urafiki hausomeki mahakamani. Au mfuate mwenye nyumba iliyokosa mteja, msimamie ukarabati wake kwa asilimia mtakayoandikiana. Unajifunza kwa hela ya mwenzio, na mafundi unawajua.

Kuhusu madalali, sio wote wabaya, lakini wapo wanaoweka cha juu. Mwenye nyumba kasema 35, wewe unaambiwa 40. Onana na mwenye nyumba uso kwa uso, bei itamkwe mbele ya wote, na malipo ya dalali yaandikwe.

Ukiharakishwa kwamba kuna mteja mwingine anakuja jioni na hela mkononi, mwache aje. Nyumba mbovu Dar haziishi, mtaji wako ndio unaisha.

Nawasilisha. Mwenye swali au aliyewahi kufanya hii kazi, atupie hapo chini, hasa wadau wa Mwanza na Arusha mtuambie huko kwenu ikoje.