Kupanda mlima kuwakumbuka polisi waliouawa kazini: Fahamu inavyofanyika na kwa nini milima ya Kyela inafaa

Askari polisi akiuawa kazini, habari yake husambaa kwenye simu kwa siku mbili tatu. Picha inapostiwa, watu wanaandika "pumzika kwa amani", kisha linakuja jingine. Baada ya hapo anayebaki na msiba ni mjane, watoto na mzazi kule kijijini.

Ndiyo maana katika nchi mbalimbali familia na askari wenzake marehemu wamebuni njia za kumkumbuka zinazotumia mwili na jasho: kuendesha baiskeli siku kadhaa, kupanda ngazi za ghorofa, kupanda mlima. Wazo ni rahisi. Aliyeondoka alitoa kila kitu, basi aliyebaki atoe angalau siku moja ya kuchoka kwa ajili yake.

Makala hii inaeleza upandaji wa aina hiyo ulivyo, matukio ambayo Tanzania inayo ya kukumbuka, na jinsi ukanda wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa, kuanzia Kyela mjini hadi Matema, unavyoweza kuufanya kwa heshima na usalama.

Upandaji wa kumbukumbu ni nini?

Haya sio mashindano, kwa hiyo hakuna mshindi wala medali ya aliyefika kwanza. Kundi linapanda pamoja, mara nyingi kila mtu akiwa amebeba jina la marehemu mmoja kwenye kitambaa au kadi. Kileleni, au mahali palipopangwa, majina yanasomwa moja moja, watu wanasimama kimya kwa dakika moja, sala inaombwa, kisha kundi linashuka.

Mfano unaofahamika sana ni ule wa Marekani wa kupanda ngazi kukumbuka Septemba 11, 2001. Mwaka 2005 wazima moto watano wa jimbo la Colorado walipanda ghorofa 110 katika jengo la mji wa Denver, idadi ya ghorofa za majengo pacha ya New York yaliyoanguka. Leo upandaji huo unafanyika katika miji mingi. Unawaenzi wazima moto 343 waliokufa siku ile, na sehemu nyingi polisi waliokufa nao hutajwa pia.

Nchini humo humo, mwaka 1997 waendesha baiskeli 18 walitoka New Jersey hadi Washington kuwakumbuka polisi waliokufa kazini. Safari hiyo inaendelea kila Mei. Australia nako, tangu 2010, polisi husafiri kwa pikipiki kutoka majimbo yao hadi kwenye ukuta wa kumbukumbu ya polisi mjini Canberra.

Australia na New Zealand zina siku maalumu ya polisi waliokufa kazini, Septemba 29, ambayo ni sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli anayehesabiwa na Wakristo wengi kuwa mlinzi wa polisi. Uingereza hufanya yake Jumapili iliyo karibu na tarehe hiyo, na Afrika Kusini nayo huwakumbuka askari wake mwezi huo huo wa Septemba.

Tanzania na mlima: Hadithi ilianza 1961

Kwa Mtanzania, kupanda mlima kwa ajili ya taifa sio jambo geni. Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na Mwenge wa Uhuru kwenye kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Tangu hapo mlima huo umekuwa ukipandwa kila mara kuadhimisha uhuru.

Kwa upande wa kuwaenzi waliokufa, nchi ina Siku ya Mashujaa kila Julai 25. Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua, meya upinde na mshale, na mwakilishi wa wazee waliopigana vita huweka shoka. Songea nao wana siku yao, Februari 27, ya kuwakumbuka mashujaa wa Maji Maji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906.

Maana yake ni kwamba mila ya kukumbuka ipo, na mila ya kupanda mlima ipo. Kuziunganisha kwa ajili ya askari polisi ni hatua fupi tu.

Ni askari gani wanaokumbukwa?

Hii ndiyo sehemu nzito. Haya ni baadhi ya matukio ya miaka ya karibuni:

• Septemba 2014: Kituo cha polisi Bukombe mkoani Geita kilivamiwa, askari wawili wakauawa na silaha kuporwa.

• Januari 2015: Askari wawili waliuawa katika uvamizi wa kituo cha polisi Ikwiriri, Rufiji.

• Julai 2015: Kituo cha Stakishari, Ukonga, Dar es Salaam kilishambuliwa usiku. Walikufa watu saba, wakiwemo askari wanne. Miongoni mwa wengine walikuwemo raia.

• Agosti 23, 2016: Askari wanne waliuawa Mbande, Mbagala, walipofika kubadilishana lindo kwenye tawi la benki.

• Aprili 13, 2017: Askari wanane waliuawa kwa kushambuliwa wakiwa kwenye gari, Kibiti mkoani Pwani, wakitoka lindo.

• Agosti 25, 2021: Mtu mwenye silaha aliwaua askari polisi watatu na mlinzi mmoja wa kampuni binafsi jijini Dar es Salaam, karibu na Ubalozi wa Ufaransa.

• Juni 2022: Askari mmoja aliuawa kwa mshale Loliondo wakati wa zoezi la kuweka alama za mpaka wa eneo la hifadhi.

Ukisoma orodha hiyo polepole, utaona kitu kimoja. Wengi wao hawakufa kwenye mapambano ya kishujaa kama ya kwenye sinema. Walikuwa kaunta ya kituo, walikuwa wanabadilishana lindo, walikuwa kwenye gari wakirudi kupumzika. Ni kazi ya kila siku, ile ile inayofanywa na askari wa Kyela pale mpakani Kasumulu, kwenye mialo ya ziwa na barabarani.

Jirani zetu Kenya wana kidonda kikubwa zaidi. Novemba 2012, zaidi ya polisi 40 waliuawa kwa kuviziwa katika bonde la Suguta, eneo la Baragoi, walipokuwa wakifuatilia mifugo iliyoibwa.

Kumbukumbu isifiche upande mwingine

Kuna swali ambalo watu huulizana kijiweni: tuwakumbuke polisi, na raia je?

Swali ni halali. Stakishari walikufa raia pia. Kibiti na Rufiji, viongozi wa vijiji na wananchi wa kawaida waliuawa katika kipindi kile kile. Loliondo, wananchi walijeruhiwa. Na wapo Watanzania wenye malalamiko yao dhidi ya polisi ambayo hayafutwi na shada la maua.

Upandaji ulioandaliwa vizuri haukwepi jambo hilo. Unasoma majina ya askari, na pale walipokufa pamoja na raia, unawataja raia nao. Kumlilia askari aliyeuawa akiwa lindoni hakumzuii mtu kudai haki kwa mwingine. Msiba haupimwi kwa mizani.

Kwa nini ukanda wa Kyela?

Kyela iko chini, karibu mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, tambarare ya mpunga, kokoa na michikichi. Lakini ukiinua macho, milima imekuzunguka.

Upande wa mashariki kuna Milima ya Livingstone, inayoinuka kama ukuta kutoka majini pale Matema na kupita mita 2,000. Upande wa kaskazini, wilaya jirani, uko Mlima Rungwe, volkano iliyolala yenye urefu wa karibu mita 2,960. Siku ya anga safi unaonekana ukiwa bondeni.

Milima hii haikuanza kuwa mahali pa kumbukumbu jana. Simulizi za Wanyakyusa zinasema watawala wao wa kale walishuka kutoka Ukinga, ng'ambo ya Livingstone. Karibu na Ikombe, kijiji cha wafinyanzi wa vyungu jirani na Matema, kuna mahali palipohusishwa na Kyala, jina ambalo leo Wanyakyusa wanamwitia Mungu.

Na kuhusu msiba, Mnyakyusa hahitaji kufundishwa. Watafiti Godfrey na Monica Wilson, walioishi na Wanyakyusa miaka ya 1930, waliandika jinsi wanaume walivyocheza ngoma ya mazishi wakiwa na mikuki huku wanawake wakilia. Kuombolezea kwa miguu, kwa jasho na kwa kishindo, hilo ni la nyumbani kabisa.

Njia mbili za kuchagua

1. Matema na mabega ya Livingstone. Hii inafaa familia, wazee na watoto. Sio lazima kufika juu kabisa. Kundi linaweza kupanda saa moja au mbili hadi mahali ziwa linapoonekana vizuri, likasoma majina hapo, likarudi ufukweni kabla ya jua kali. Njia ni mwinuko mkali na zina mawe, hivyo mwenyeji wa eneo ni lazima.

2. Mlima Rungwe. Huu ni wa watu wenye mazoezi, siku nzima kwenda na kurudi. Ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), kwa hiyo kibali, ada na mwongozaji vinatakiwa. Ndani ya msitu huo ndipo watafiti walipomtambua nyani aitwaye kipunji mwaka 2003, kwa hiyo kelele na moto havitakiwi.

Lini?

Kyela ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi Tanzania, na Machi hadi Mei ndio balaa: mito inajaa, njia zinateleza, barabara za Matema zinasumbua. Juni hadi Oktoba ni kukavu zaidi. Bahati nzuri Julai 25, Siku ya Mashujaa, inaangukia humo, na Septemba 29 pia.

Mambo ya kufanya kabla ya siku

Anzeni na familia. Jina la marehemu lisisomwe wala kuchapwa kwenye fulana bila ruhusa ya mjane, mgane au wazazi. Thibitisheni jina kamili, cheo, kituo na tarehe. Hakuna kinachomuuma mzazi kama kusikia jina la mwanawe limekosewa mbele za watu.

Toeni taarifa. Sheria inataka polisi wa wilaya wapewe taarifa ya maandishi saa 48 kabla ya mkusanyiko au maandamano ya hadharani. Serikali ya kijiji na wazee wa eneo nao wajulishwe, maana baadhi ya vichaka ni makaburi au sehemu za matambiko.

Michango iwe wazi. Fedha za kusaidia yatima zisiingie kwenye namba ya simu ya mtu mmoja. Akaunti ya kikundi yenye watia saini zaidi ya mmoja, na hesabu isomwe hadharani. Mjane ana mafao yake ya kisheria, lakini karo, sare na daftari havisubiri faili litembee.

Mambo ya kuzingatia mlimani

• Anzeni alfajiri, mkishuka kabla ya saa kumi jioni.

• Kila mtu abebe maji lita mbili au tatu, chakula, sweta au jaketi. Bondeni ni joto, juu ya Rungwe baridi inakata.

• Viatu viwe vya kushika ardhi. Ndala ziacheni Matema.

• Anayetembea polepole kuliko wote ndiye anayepanga mwendo wa kundi.

• Mwenye presha, pumu, kisukari au ujauzito aonane na daktari kwanza.

• Andikeni majina ya wote wanaopanda na muwahesabu tena wakishuka. Namba ya dharura ya polisi ni 112, ya zimamoto 114. Mtandao unapotea sehemu nyingi, kwa hiyo mtu mmoja abaki chini akijua saa ya kurudi.

Na simu yako je?

Piga picha za mlima na za watu waliokubali. Picha za miili au za eneo la tukio, hata kama unazo kwenye WhatsApp tangu mwaka huo, zifute. Mtoto wa marehemu naye ana simu siku hizi.

Ukipenda kuposti, andika jina, kituo na tarehe. Yaani mtu aliyeishi, sio maiti.

Mwisho wa siku

Kundi likishuka Matema, ndipo chakula cha pamoja hufuata: wali wa Kyela, ndizi, samaki wa ziwani. Hapo mjane anakaa na askari waliofanya kazi na mumewe, na mara nyingi anasikia kwa mara ya kwanza habari ambazo hakuambiwa msibani: alivyokuwa akitania lindoni, alivyomkopesha mwenzake nauli, alivyomtaja mwanawe siku ile ya mwisho.

Kwa familia nyingi, hilo lina thamani kuliko kilele chenyewe. Na wakiagana, neno la Kinyakyusa linatosha: ndaga.